Maisha ya Leonhard Euler na Nambari 2,147,483,647

Mtu akianza na 1, aizidishe kwa 2 mara thelathini na moja, kisha apunguze 1 katika jibu, atapata 2,147,483,647: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Nambari hii ni tasa, yaani haigawiki bila kuacha baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Jambo hilo husemeka kwa sentensi moja fupi, lakini kulijua kwa hakika kulichukua muda mrefu. Lilidaiwa katika karne ya 17 na wataalamu wasioacha ithibati yoyote, likatiliwa shaka, na hatimaye likathibitishwa mwaka 1772 na mzee wa miaka takribani 65 ambaye macho yake yalikuwa yamekaribia kuzimika kabisa. Mzee huyo ni Leonhard Euler.

Euler alizaliwa tarehe 15 Aprili 1707 katika mji wa Basel, Uswisi, akalelewa katika kijiji cha Riehen kilicho jirani. Babake, Paul Euler, alikuwa mchungaji wa kanisa, na alitaka mwanawe afuate nyayo zake. Hata hivyo, mchungaji huyo mwenyewe alikuwa amewahi kuhudhuria mihadhara ya hisabati ya Jakob Bernoulli, na ndiye aliyemfunza mwanawe hesabu za kwanza. Euler alijiunga na Chuo Kikuu cha Basel akiwa na umri wa miaka 13. Huko alimwomba Johann Bernoulli, nduguye Jakob na mmoja wa wanahisabati wakubwa wa Ulaya wakati huo, amfundishe faraghani. Bernoulli hakuwa na nafasi. Alimwelekeza kijana vitabu vigumu vya kusoma peke yake, akamruhusu kuja kila Jumamosi alasiri kuuliza yale yaliyomshinda. Inasimuliwa kwamba Euler alijitahidi wiki nzima ili Jumamosi ifikapo awe na maswali machache iwezekanavyo. Muda si muda Bernoulli alitambua kipawa cha mwanafunzi wake, akamwombea kwa babake aachiwe hisabati. Mchungaji akakubali.

Mwaka 1727 Euler aliomba kazi ya kufundisha fizikia katika chuo chake mwenyewe, akanyimwa; alikuwa bado hajatimiza miaka 20. Wana wa Bernoulli walikuwa wamemtangulia nchini Urusi, katika Akademia ya Sayansi iliyokuwa imeanzishwa karibuni jijini St Petersburg. Mmoja wao, Nicolaus, alikuwa amekwisha kufa huko. Daniel alikuwa hai, naye akampatia Euler nafasi. Aliwasili jijini humo tarehe 17 Mei 1727, siku ambayo Malkia Catherine wa Kwanza, mlezi wa Akademia, alifariki. Mwanzo huo haukuwa mwema. Hata hivyo Akademia ilinusurika, na kufikia mwaka 1733, Daniel aliporejea Basel, Euler ndiye aliyerithi kiti cha hisabati. Mwaka uliofuata alimwoa Katharina Gsell, binti wa mchoraji Mswisi aliyekuwa akifanya kazi mjini humo. Walijaliwa watoto 13, na watano tu kati yao ndio waliopita utoto.

Katika miaka hiyo ya kwanza ndipo Euler alipoanza kuvutiwa na elimu ya nambari nzima. Aliyemvuta ni Christian Goldbach, katibu wa Akademia. Katika barua ya Desemba 1729, Goldbach alimuuliza kama alijua dai la Pierre de Fermat, Mfaransa aliyekuwa amefariki mwaka 1665. Fermat alikuwa ametazama nambari 3, 5, 17, 257 na 65,537. Kila moja hupatikana kwa kuzidisha iliyotangulia, baada ya kuipunguza 1, kwa nafsi yake na kuongeza 1 tena: 3 ukiipunguza 1 ni 2, mbili mara mbili ni 4, ongeza 1 upate 5, na kuendelea. Zote tano ni tasa. Fermat aliamini kwamba mfululizo huo hautatoa kamwe nambari isiyo tasa, ingawa alikiri hakuwa na ithibati. Nambari ya sita ni 4,294,967,297. Nani angeketi kuigawa kwa kila kigawo kinachowezekana?

Euler aliketi. Mwaka 1732, akiwa na miaka 25, aliieleza Akademia kwamba 4,294,967,297 hugawika kwa 641, na jibu ni 6,700,417. Dai la Fermat likaanguka. Baadaye Euler alieleza sababu iliyofanya utafutaji huo kuwa mwepesi kuliko unavyoonekana: kigawo chochote tasa cha nambari hiyo lazima kiache baki ya 1 kikigawanywa kwa 64. Tasa za aina hiyo ni chache mno. Ya kwanza ni 193, kisha 257, 449, 577, na ya tano ndiyo hiyo 641. Kwa hiyo mtu anayejua wapi pa kutafuta hugawa mara tano tu. Asiyejua hugawa mara mia moja na ushei kabla ya kuifikia 641, na huenda akakata tamaa njiani.

Hapa inafaa kusema neno kuhusu istilahi. Kiswahili kimeziita nambari hizi tasa kwa kuwa hazigawiki, kana kwamba hazizai. Picha hiyo ina mantiki yake, lakini inaficha upande wa pili wa jambo: kila nambari nzima iliyo kubwa kuliko 1 ama ni tasa ama imeundwa kwa kuzidisha tasa. Hao tasa ndio wazazi wa ukoo mzima. Pengine neno lililochaguliwa linamwonea mama wa watu.

Nambari 2,147,483,647 ilikuwa imetajwa zamani za Fermat na hata kabla yake. Wahenga wa Ugiriki walishughulika na nambari walizoziita kamilifu, yaani zilizo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote isipokuwa zenyewe. Sita ni kamilifu kwa sababu 1, 2 na 3 zikijumlishwa huleta 6. Ishirini na nane vilevile: 1, 2, 4, 7 na 14. Euclid alionyesha njia ya kuzipata. Chukua 2 kwa kipeo fulani, punguza 1. Ukipata tasa, izidishe kwa 2 kwa kipeo kilichopungua kimoja, nawe utapata nambari kamilifu. Ndivyo 3 inavyozaa 6, na 7 inavyozaa 28. Swali likawa ni vipeo vipi vinavyotoa tasa. Mtaliano Pietro Cataldi, katika kitabu cha mwaka 1603, alithibitisha vipeo 17 na 19, kisha akadai pia 23, 29, 31 na 37. Mtawa wa Kifaransa Marin Mersenne, mwaka 1644, alitoa orodha yake ambamo 31 ilikuwamo, pamoja na 67, 127 na 257. Hakuna aliyeonyesha hesabu. Katika yale madai manne ya Cataldi, matatu yalikuwa ya uongo, na lililobaki, la 31, lilikuwa kweli kwa bahati. Orodha ya Mersenne nayo ilikuwa na makosa: 67 na 257 hazikustahili kuwamo, na 61, 89 na 107 zilisahauliwa.

Euler mwenyewe hakuepuka mtego huo. Ni yeye aliyevunja baadhi ya madai ya Cataldi, akaonyesha kwa mfano kwamba kipeo cha 29 hutoa nambari inayogawika kwa 1,103. Hata hivyo aliwahi kuandika kwamba vipeo 41 na 47 hutoa tasa. Si kweli. Ile ya 41 hugawika kwa 13,367, na ile ya 47 kwa 2,351. Aligundua kosa lake mwenyewe na kulisahihisha. Ni tukio dogo ambalo wasimulizi wa maisha yake aghalabu hulipita haraka, lakini linaeleza mengi kuhusu yaliyofuata. Mwaka 1752 alimwandikia Goldbach kwamba nambari kamilifu anazozijua kwa hakika ni saba tu, ile ya mwisho ikitokana na kipeo cha 19. Kuhusu kipeo cha 31 alisema hana hakika; alikuwa amejaribu vigawo vinavyowezekana hadi 2,000 bila kupata kitu. Mwenye jina kubwa kuliko wanahisabati wote wa zama zake angeweza kutangaza kwamba ni tasa na kuaminiwa na kila mtu. Hakufanya hivyo. Aliiacha na alama ya kuuliza kwa miaka ishirini zaidi.

Barua hiyo aliiandika akiwa Berlin. Alikuwa amehamia huko mwaka 1741, St Petersburg ilipotawaliwa na misukosuko ya kisiasa na wageni kutazamwa kwa jicho baya, naye Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia akamwalika katika Akademia yake. Alikaa Berlin miaka 25, akaandika mamia ya kazi, lakini mfalme hakumpenda. Frederick alitaka watu wa mizaha na falsafa mezani pake; Euler alikuwa mcha Mungu, mtu wa familia, asiye na ulimi wa barazani. Mfalme alimkejeli hata kwa jicho lake, kwani Euler alikuwa amepoteza uwezo wa kuona kwa jicho la kulia tangu mwaka 1738, baada ya kuugua homa. Asiyekujua hakuthamini. Mwaka 1766 Malkia Catherine wa Pili wa Urusi alimpa masharti mazuri, naye akarejea St Petersburg.

Alirejea na kupofuka. Mtoto wa jicho alilifunika jicho la kushoto lililokuwa limesalia. Mwaka 1771 moto uliunguza sehemu kubwa ya mji, nyumba yake ikiwamo, na mzee huyo aliokolewa na fundi mwenzake kutoka Basel, Peter Grimm, aliyembeba mgongoni kumtoa. Miswada mingi iliokolewa pia. Mwaka huohuo alipasuliwa jicho, akaona kwa siku chache, kisha jicho likaingia usaha na nuru ikaondoka tena kwa maumivu makali. Tangu hapo aliweza kutambua tu alama kubwa zilizoandikwa kwa chaki.

Kinachoshangaza ni kwamba kazi yake haikupungua, bali iliongezeka. Kitabu chake cha aljebra, kilichotoka kwa Kirusi na Kijerumani kati ya mwaka 1768 na 1770, alikisema kwa mdomo huku kijana aliyekuwa mwanagenzi wa ushonaji akiandika. Inasemekana kijana huyo, asiyekuwa na ujuzi wa hisabati, alikwisha kuielewa aljebra walipomaliza. Wasaidizi wengine walikuwa mwanawe Johann Albrecht, Wolfgang Krafft, Anders Lexell na, kuanzia mwaka 1773, Nicolas Fuss aliyetoka Basel. Hafidhina yake ilikuwa ya ajabu. Wasomi wa Kiswahili wanaowajua wazee walioweza kughani utenzi wa beti mamia bila kitabu hawatashangaa sana kusikia kwamba Euler aliikariri Aeneid ya Virgil tangu mwanzo hadi mwisho, na aliweza kutaja mstari wa kwanza na wa mwisho wa kila ukurasa wa nakala aliyoitumia. Husimuliwa pia kwamba wanafunzi wake wawili walipotofautiana katika tarakimu ya hamsini ya hesabu ndefu, aliifanya upya kichwani na kuamua nani amekosea.

Katika hali hiyo ndipo alipoirudia nambari aliyoiacha. Ili kujua kama 2,147,483,647 ni tasa, si lazima kuigawa kwa kila nambari iliyo chini yake. Ikiwa ina vigawo viwili, kimoja lazima kisizidi kipeuo chake cha pili, ambacho ni 46,340 na ushei. Hata hivyo tasa zilizo chini ya hapo ni karibu 4,800, na kugawa nambari ya tarakimu kumi mara 4,800 kwa mkono ni adhabu. Euler aliipunguza kazi kwa kanuni mbili. Ya kwanza inatokana na dai jingine la Fermat, ambalo Euler mwenyewe alilithibitisha mwaka 1736: kigawo chochote tasa cha nambari hii lazima kiache baki ya 1 kikigawanywa kwa 31. Ya pili inasema kwamba kikigawanywa kwa 8, lazima kiache baki ya 1 au ya 7.

Kanuni hizi huonekana vizuri zaidi katika nambari ndogo. Mbili kwa kipeo cha 11, ukipunguza 1, ni 2,047. Hii si tasa, kwani ni 23 mara 89. Sasa 23 ni mbili mara 11 na moja juu. 89 ni nane mara 11 na moja juu. Aidha, 23 ikigawanywa kwa 8 huacha 7, na 89 huacha 1. Vigawo vyote viwili vimetii. Mtu anayetafuta vigawo vya 2,047 kwa njia hii hana haja ya kujaribu 3, wala 5, wala 13. Anaanza na 23 moja kwa moja, na kazi imekwisha.

Kwa kipeo cha 31, kanuni zote mbili zikiunganishwa, na ikizingatiwa kwamba kigawo lazima kiwe witiri, huacha milango miwili tu: kigawo kikigawanywa kwa 248 lazima kiache ama 1 ama 63. Nambari za namna hiyo zilizo chini ya 46,340 hazifiki 400, na tasa miongoni mwake hazifiki mia moja. Hizo zilijaribiwa moja baada ya nyingine. Hakuna hata moja iliyogawa. Mwaka 1772 Euler aliandika matokeo hayo katika barua kwa Johann Bernoulli wa Tatu, mnajimu wa Berlin na mjukuu wa yule Bernoulli aliyemruhusu kuja Jumamosi alasiri, na barua ikachapishwa na Akademia ya Berlin. Nambari iliyodaiwa tangu 1603 ikawa imejulikana, na pamoja nayo nambari kamilifu ya nane, 2,305,843,008,139,952,128.

Euler alifanya zaidi ya hapo. Katika maandishi yaliyochapishwa miaka mingi baada ya kifo chake, alithibitisha kwamba njia ya Euclid ndiyo njia pekee kwa nambari kamilifu zilizo shufwa; hakuna shufwa kamilifu isiyotoka katika mlango huo. Kuhusu witiri, hakuna aliyewahi kupata hata moja iliyo kamilifu, wala aliyethibitisha kwamba haipo.

Katharina alifariki mwaka 1773. Miaka mitatu baadaye Euler alimwoa Salome Abigail, nduguye Katharina kwa baba. Tarehe 18 Septemba 1783 alizungumza na Lexell juu ya njia ya Uranus, sayari iliyokuwa imegunduliwa miaka miwili tu nyuma. Alasiri, akiwa anakunywa chai na kucheza na mjukuu wake, alipatwa na kiharusi, akafa usiku huo. Aliacha kazi zaidi ya 800, nyingi zikiwa bado hazijachapishwa, na Akademia ya St Petersburg iliendelea kuzichapa kwa miongo kadhaa.

Nambari yake nayo ilibaki kuwa tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana kwa zaidi ya miaka 80. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba nambari kamilifu itokanayo nayo ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana, kwani hizi ni za udadisi tu, hazina manufaa, na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Alikosea mara mbili. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alionyesha kwamba kipeo cha 127 hutoa tasa, nambari yenye tarakimu 39, na utafutaji haujakoma: Oktoba 2024 ilitangazwa tasa ya ukoo huohuo, ya kipeo 136,279,841, yenye tarakimu zaidi ya milioni 41.

Kuhusu manufaa, tarakilishi ndizo zilizomjibu Barlow. Nyingi huhifadhi nambari katika nafasi 32, moja ikiwa ya alama ya hasi au chanya, na katika zile 31 zinazobaki nambari kubwa kuliko zote inayoingia ni hiyohiyo 2,147,483,647. Waandishi wa programu wameitumia pia kuzalisha nambari za kubahatisha, na hapo utasa wake ndio unaoifanya ifae. Mitambo mingine ya zamani huhesabu wakati kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 katika nafasi hizo 32. Kwa mitambo ambayo haitakuwa imerekebishwa, hesabu itafika kwenye nambari ya Euler tarehe 19 Januari 2038, ambapo Nairobi itakuwa saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 za asubuhi, na sekunde itakayofuata haitakuwa na mahali pa kuandikwa.